Mjadala: Je, ni haki tuzo za mafundi wa filamu kutolewa nje ya matangazo ya moja kwa moja?

Hoja ninayoileta mezani ni hii: ikiwa hafla ya Oscar, tuzo kubwa za filamu za Marekani, ni ndefu na watazamaji wanapungua, je, ni haki tuzo za wahariri, mafundi sauti na wapambaji zitolewe kabla ya matangazo kuanza, ili jioni ibaki ya waigizaji na waongozaji? Wanaounga mkono wanasema kwamba mtazamaji wa kawaida hawajui watu hao, na kwamba kituo cha televisheni kinacholipia kurusha hafla hiyo kina haki ya kutaka kipindi kinachotazamika. Mimi napinga.

Wengi hudhani kuwa tuzo za mafundi zilipachikwa baadaye. Sivyo. Katika hafla ya kwanza ya Oscar, tarehe 16 Mei 1929, kwenye hoteli ya Hollywood Roosevelt, Los Angeles, wageni wapatao 270 walikula chakula cha jioni, na tuzo zikagawiwa kwa takriban dakika 15 tu. Washindi walikuwa wamekwisha kutangazwa tangu Februari, hivyo hapakuwa na aliyeketi roho juu. Pamoja na Emil Jannings na Janet Gaynor, waliotuzwa kwa uigizaji, walituzwa pia wapiga picha, mbunifu wa mandhari, na hata mwandishi wa yale maandishi yaliyosomwa katikati ya filamu zisizo na sauti. Tuzo hiyo ya maandishi haikutolewa tena, kwa kuwa sauti iliingia sinema na kazi yenyewe ikafa. Fundi, basi, alikuwamo tangu usiku wa kwanza, ilhali hafla ilianza kurushwa redioni mwaka 1930 na kwenye televisheni mwaka 1953. Sioni aliyekuja nyuma anapata wapi haki ya kumtoa aliyemkuta.

Mvuto wa hafla hizi nao unahitaji kuangaliwa vizuri. Mwaka 1940 gazeti la Los Angeles Times liliwachapisha washindi kabla hawajatangazwa ukumbini, na tangu mwaka 1941 majina yamekuwa yakifungwa katika bahasha. Bahasha ndiyo iliyotuletea ule ukimya wa sekunde chache ambamo watu watano wanaangaliwa usoni na hakuna ajuaye jina la nani litasomwa. Ukimya huo haubagui. Naupenda zaidi unapomwangukia mtu nisiyemfahamu, aliyetumia miezi chumbani akisikiliza nyayo, upepo na pumzi za watu mpaka kila kimoja kikae mahali pake, kisha akasimama mbele ya dunia huku mikono inamtetemeka.

Sasa tutazame kilichotokea mwaka 2022. Tuzo 8 kati ya 23, zikiwemo za uhariri, sauti, muziki wa filamu na ubunifu wa mandhari, zilitolewa ukumbini kabla ya matangazo, kisha vipande vya hotuba vikaingizwa katika kipindi. Majina yakaenea mitandaoni mapema, na kwa tuzo hizo nane tukarudishwa kwenye enzi ya kabla ya bahasha. Filamu ya Dune ilishinda tuzo 6 usiku huo, na 4 kati ya hizo zilitolewa kabla ya kamera kwenda hewani. Muda je? Matangazo yalichukua zaidi ya saa tatu na nusu. Mwaka 2023 tuzo zote zilirudishwa hewani. Chama cha wanafilamu kinachotoa tuzo za Oscar kilikuwa kimekwisha kuonywa mwaka 2019, kilipotaka kutoa tuzo 4, zikiwemo za upigaji picha na uhariri, wakati wa matangazo ya biashara, kikarudi nyuma ndani ya siku chache baada ya waongozaji na wapiga picha wengi kupinga hadharani.

Nakubali jambo moja kwa upande wa pili. Hotuba inayoorodhesha majina ya mawakala na wanasheria humchosha yeyote, na tatizo hilo halikuletwa na mafundi: Greer Garson, mwigizaji, alizungumza kwa zaidi ya dakika tano mwaka 1943, na leo mshindi hupewa kama sekunde 45. Kikomo hicho ni cha haki kwa sababu kinamhusu kila mmoja. Kama bado muda hautoshi, zipunguzwe nyimbo na vichekesho.

Ninawaomba wanaotetea mpango ule wa 2022 wanijibu swali moja. Tuzo ya mwigizaji bora inapotangazwa, mara nyingi huonyeshwa kwanza kipande kifupi cha kila anayewania: uso, chozi, kimya, halafu neno. Aliyeamua kamera ibaki juu ya uso ule kwa muda gani kabla ya neno kutoka ni mwongozaji pamoja na mhariri, na aliyehakikisha kimya kile kinasikika kuwa kimya ni fundi sauti. Ni kwa hoja gani kazi yao inafaa kupamba kipindi, ilhali majina yao hayafai kusomwa ndani yake?