Mdogo wangu kafungwa, rufaa inaanzia wapi?

Tandahimba2: Shikamooni. Mdogo wangu kahukumiwa miaka mitatu Jumatatu iliyopita, mahakama ya wilaya. Wizi wa magunia mawili ya korosho. Shahidi mmoja tu, anasema alimwona usiku kwa tochi. Mama hali chakula.

Mzee wa Ligula: Marahaba, pole mwanangu. Alikana kosa? Aliyekiri hupinga adhabu tu.

Tandahimba2: Alikana mwanzo hadi mwisho.

Mzee wa Ligula: Basi wahi. Taarifa ya nia ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10 tangu hukumu. Anaweza kuiwasilisha kupitia mkuu wa gereza. Hati ya rufaa, yenye sababu za kupinga, ni siku 45, na muda wa kusubiri nakala za mwenendo wa kesi na hukumu hauhesabiwi. Inakwenda Mahakama Kuu, hapa Mtwara.

Tandahimba2: Shahidi ataitwa tena?

Mzee wa Ligula: Kwa kawaida haitwi. Jaji husoma kumbukumbu na kuupima ushahidi upya. Ing'ang'anieni hiyo tochi! Soma kesi ya 1980 ya mtu aitwaye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, kuhusu shahidi kumtambua mtu kwa macho: umbali gani, mwanga kiasi gani, alimtazama kwa muda gani, walijuana kabla? Nimekuwa karani miaka mingi, nimeona watu wakitoka kwa hoja hiyo.

Tandahimba2: Kesho alfajiri nipo gerezani.