Vitabu vya utandawazi na uhusiano wa kimataifa: niviombe kwa jina gani maktabani?

BintiMbagala

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Natafuta vitabu na nyaraka za tasnifu ya mwaka wa tatu. Mada ni Tanzania ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Eneo Huru la Biashara la Afrika (AfCFTA). Katalogi nikiiandikia "utandawazi" inatoa vitabu vya kuhesabika. Nikiandika "globalization" inamwaga mamia, na vingi Tanzania haimo kabisa. Naweza kufika Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), na Chuo cha Diplomasia Kurasini. Nianzie wapi, na nikifika dawatini niombe nini hasa? Nina wiki sita.

MkutubiWaZamu

Marahaba mdogo wangu. Kinachokukwamisha ni neno lenyewe. Utandawazi ni neno pana, na vitabuni limeenea kuanzia miaka ya 1990. Walioandika kabla ya hapo walijadili mambo yaleyale kwa majina mengine: bei ya mkonge na kahawa katika soko la dunia, madeni ya nje, utegemezi, au Mfumo Mpya wa Uchumi wa Kimataifa ambao Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitoa tamko lake tarehe 1 Mei 1974. Hivyo vyote vipo rafuni, ila havitaitika ukiviita "utandawazi".

Kwenye katalogi usitafute kwa kichwa cha kitabu, tafuta kwa mada. Andika "Tanzania – Foreign relations", kisha "Tanzania – Commercial policy", kisha "Africa, East – Economic integration", na "International economic relations" kwa vitabu vya nadharia. Neno "globalization" ukilazimika kulitumia, liandike mara mbili, kwa z na kwa s, maana vitabu vya Uingereza vingi vina s na mashine haijui kuwa ni neno moja.

Ukishapata kitabu kimoja kinachokufaa, soma mgongo wake. Kibandiko kikianza na tarakimu, huo ni mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada. 327 ni uhusiano wa kimataifa, 337 ni uchumi wa kimataifa, 341 ni sheria ya kimataifa, 382 ni biashara ya nje. Halafu kuna siri ndogo ambayo wengi hawaelezwi: Tanzania ina namba yake, 678, na inabandikwa nyuma ya namba ya mada. Kwa hiyo 327.678 ni uhusiano wa Tanzania na nchi nyingine, na 337.678 ni sera yake ya uchumi wa nje. Afrika Mashariki kwa jumla ni 676, basi muungano wa kiuchumi wa ukanda huu utaukuta 337.1676. Nenda na namba hizo tatu hata kama katalogi imezima siku hiyo.

Kibandiko kikianza na herufi, huo ni mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na hapo ndipo watu wanapoteza nusu ya vitabu. Hadi 1997 uhusiano wa kimataifa na sheria yake vilikaa pamoja chini ya JX. Tangu hapo JX ilifungwa: uhusiano ukaenda JZ, sheria ikaenda KZ. Maktaba nyingi hazikubandika upya vitabu vya zamani. Ukisimama kwenye JZ peke yake utaona vipya tu, na yote yaliyoandikwa wakati wa ukombozi wa Kusini mwa Afrika yatabaki JX, pengine rafu ya mbali kabisa. Pitia zote mbili.

Jambo jingine dogo la kibandiko: sehemu inayoanza na nukta husomwa kama desimali. .M35 inatangulia .M4, ingawa jicho linasema 35 ni kubwa kuliko 4. Ukikosea hapo utarudi dawatini kusema kitabu kimepotea, kumbe kiko sentimita ishirini kushoto.

Mlimani, ulizia mkusanyiko wa Afrika Mashariki mapema. Vitabu vya mkusanyiko wa namna hiyo kwa kawaida husomwa mlemle bila kuazimwa, kwa hiyo panga siku nzima. Kama wewe si mwanafunzi wa hapo, nenda na barua ya utambulisho kutoka chuoni kwako pamoja na kitambulisho.

TanbihiKwanza

Naongeza upande wa nyaraka, maana mada yake haiwezi kusimama kwa vitabu peke yake.

Dada, jihadhari na jina "Jumuiya ya Afrika Mashariki". Ziko mbili. Ya kwanza iliundwa kwa mkataba wa 1967 na ikavunjika 1977. Ya sasa mkataba wake ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na ukaanza kufanya kazi tarehe 7 Julai 2000. Katalogi inazichanganya. Kabla ya kubeba kitabu, tazama mwaka wa kuchapishwa: cha 1975 hakiwezi kukueleza lolote kuhusu Umoja wa Forodha wa 2005.

Kwa msimamo wa Tanzania, hazina kubwa isiyotumiwa ni Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, tena iko kwa Kiswahili. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. AfCFTA ilisainiwa Kigali tarehe 21 Machi 2018, na Bunge letu likairidhia Septemba 2021. Fungua Hansadi za mwezi huo, tafuta "azimio la kuridhia", utapata maelezo ya serikali, maoni ya kamati na hoja za wabunge mahali pamoja. Nukuu tarehe ya kikao, usiishie kuandika "Bunge, 2021".

Nyaraka za Umoja wa Mataifa hazitafutwi kwa maneno, zinatafutwa kwa alama. Lile tamko la 1974 ni A/RES/3201(S-VI). Andika alama hiyo kwenye maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa, inakuja peke yake.

BintiMbagala

Asanteni sana, hiyo ya JX sikuwahi kuisikia. Bado mambo mawili: makala nyingi za majarida zinadai malipo, na takwimu za biashara ninazopata hazikubaliani.

RafuYaTatu

Makala kwanza. Ukiwa nje ya mtandao wa chuo, tovuti ya jarida haikutambui, ndiyo maana inadai hela. Muulize mkutubi kama chuo kimejisajili Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida bure au kwa bei nafuu, na namna ya kuingia ukiwa nyumbani. JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, ukifungua akaunti yako binafsi inakuruhusu kusoma bure makala kadhaa kila mwezi, ila kusoma tu, kupakua hapana. Kwa majarida ya Afrika anza na African Journals Online. Kabla ya kukata tamaa, bandika kichwa kizima cha makala kwenye Google Scholar na ubofye matoleo yote, mara nyingi mwandishi ameweka nakala kwenye hazina ya chuo chake.

Takwimu sasa. Kutokubaliana ni kawaida, na sababu inajulikana. Nchi inayouza huandika thamani ya mzigo ukiwa bandarini kwake. Inayonunua huongeza nauli na bima. Kwa hiyo mauzo ya Tanzania kwenda Kenya hayalingani na manunuzi ya Kenya kutoka Tanzania. Chagua upande mmoja, useme ni upi, usichanganye katika jedwali moja.

Pili, namba ya bidhaa, ile ya forodha inayotumika kwenye takwimu za biashara. Ukitaka korosho usichukue 0801 nzima, humo mna nazi pia. Korosho yenye ganda ni 080131, iliyobanguliwa ni 080132. Kwa mada yako tofauti hiyo ni kubwa, maana ndiyo inayoonyesha kama tunauza mali ghafi au iliyoongezwa thamani.

Tatu, hesabu wanachama. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia 2024. "Biashara ndani ya Jumuiya" ya 2006 ni ya nchi tatu. Na ukikutana na majedwali ya COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), Tanzania ilijitoa mwaka 2000, usiitafute humo.

Wiki sita zinatosha ukianza na Hansadi na 337.1676. Orodha ya marejeo nyuma ya vitabu viwili au vitatu vya rafu hiyo ipige picha, uende nayo Kurasini.