Kanda za RTD: zifunguliwe bure kwa wananchi, au warithi walipwe kwanza?

Kanda Robo Inchi
Wakuu, heshima yenu. Kila tarehe 27 Oktoba dunia inaadhimisha siku ya urithi wa sauti na picha. Kwetu inapita hata kunguru hajui. Ilhali kuna kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam tangu miaka ya 60, enzi ambazo bendi ikitaka kurekodi humu nchini mlango ulikuwa huo huo mmoja, studio ya redio. Bendi za Nuta, Morogoro Jazz, Western, Jamhuri, Vijana, taarabu za Tanga, ngoma za mikoani, michezo ya Pwagu na Pwaguzi. Wewe na mimi tunazisikia siku mtangazaji akijisikia kuzipiga.

Swali langu: ziwekwe mtandaoni kila mtu asikilize bure, na maonyesho yapelekwe mikoani, au zibaki kabatini mpaka warithi wa wanamuziki walipwe? Mimi nasema zifunguliwe leo. Karibuni, na naomba tusitoke nje ya mada. (Wazee wa Sikinde, yaani mashabiki wa bendi ya Mlimani Park, najua mtakuja. Mkae mkijua baba ni Msondo.)

Sikinde Damu
Baba kwa hesabu ipi? Unaleta mada ya kanda halafu unachokoza watu kwenye mabano!

Mtoto wa Kariakoo
Naunga mkono hoja. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na leo ukitaka kumsikia unategemea Mungu na mtu mmoja aliyepandisha wimbo YouTube akaubandika picha isiyo yake. Taarabu na dansi letu limetolewa kwenye sidii na kampuni ya Paris, Buda Musique, mfululizo mzima wa Zanzibara. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi ngoma, kazi zake ziko maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini. Mjukuu wa mpiga ngoma anatafuta sauti ya babu yake kwa wageni.

Msemakweli Mpole
Samahani wapenda historia, mimi nitasema ambalo wengi wanaliogopa. Nusu ya hizo kanda ni kusifu chama, kuhimiza kilimo na kupongeza wageni wa serikali. Nani kijana wa leo ataacha shughuli zake asikilize dakika nane za kuambiwa akalime? Hazina, hazina, wakati wenyewe tulikuwa tukizima redio.

Baba Watatu
Msemakweli, uliyezima redio ni wewe na nyumba yenu. Sisi tulikuwa tunakwenda kwa jirani kusikiliza, na betri zikiisha nguvu tunazianika juani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 mtaani kwetu havikuletwa na gazeti, vililetwa na redio na nyimbo zake. Na za kilimo hizo, kuna nyimbo zinasema jembe na jembe silo. Kulikuwa na kamati ya kupitia mashairi, mtunzi anajua, kwa hiyo anafumba. Wewe ulisikia jembe tu kwa sababu ndicho kiasi chako.

Msemakweli Mpole
Sijatukana mtu mkuu. Povu la nini?

Baba Watatu
Umetukana ujana wangu.

Wakili wa Mtaani
Turudi kwenye swali, maana watu wanachanganya mambo mawili. Kanda ni kitu kimoja, utunzi ni kitu kingine. Redio inaweza kuwa na kanda, lakini kurekodi studio ya redio hakukumwondolea mtunzi utunzi wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965, kwa hiyo tungo zake mwenyewe ulinzi umekwisha tangu mwisho wa 2015. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, huyo ni mpaka mwisho wa 2029. Marijani Rajabu, 1995, piga hesabu mwenyewe. Hivyo "zifunguliwe leo" kwa jumla jumla haiwezekani, na "zifungwe zote" pia ni uvivu. Ni kanda kwa kanda.

Kanda Robo Inchi
Uvivu unamwambia nani? Nimeuliza swali la wananchi, si la mahakama. Kwa mtindo huo wa kanda kwa kanda tutafika 2080 tunasoma vifungu huku kanda zimekuwa ugali.

Sikinde Damu
Mleta mada bado hajajibu. Baba kwa hesabu ipi?

Kanda Robo Inchi
Haya. Nuta Jazz imeanza 1964. Ikawa Juwata, ikawa Ottu, ndiyo Msondo Ngoma mpaka leo. Mlimani Park imeanza 1978. Na ilipoanza iliwatoa wapi Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka? Juwata. Mtoto anayejengewa nyumba na fundi wa baba yake ni mtoto.

Sikinde Damu
Na Abel Balthazar alitoka Juwata? Alitoka Dar International kwa Marijani. Mbona hiyo umeiruka? Mlimani Park ilikusanya watu mji mzima, haikuzaliwa na mtu. Na mzee Gurumo huyo huyo baadaye alikwenda bendi ya Orchestra Safari Sound, OSS. Kwa hiyo OSS na mtindo wake wa Ndekule nayo ni mjukuu?

Kinyaunyau
Wakuu, kuweka sawa: Sikinde na Msondo kwa asili si majina ya bendi, ni mitindo, na yote mawili yameazimwa kutoka ngoma za jadi. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Mkitafuta baba mtafuteni huko Uzaramoni.

Baba Watatu
Kula tano, Kinyaunyau. Ila kwa mapulizo, wale wapuliza tarumbeta wa Juwata hawajapata mpinzani mpaka kesho.

Sikinde Damu
Mapulizo ni kelele kama solo hailii. Wewe msikilize tu Michael Enoch.

Binti Ngamiani
Shikamooni wazee. Naomba niwakatishe kidogo. Marehemu babu yangu alipiga fidla kwenye kikundi kimoja cha taarabu Tanga, si Black Star wala Lucky Star, vile vidogo ambavyo hata hapa hamtavitaja. Tuliambiwa walirekodiwa redioni. Nilikwenda ofisi moja yenye kanda za zamani, sitaitaja. Walinipokea vizuri kabisa, chai nikapewa. Kisha nikaulizwa: jina la wimbo kama lilivyoandikwa kwenye boksi? Tarehe ya kurekodi? Namba ya kanda? Sina. Nina jina la babu tu, na majina ya wapigaji hayakuandikwa. Limeandikwa jina la kikundi, basi. Pengine kanda ipo umbali wa mita tatu na pale niliponywea chai.

Kwa hiyo mkibishana ifunguliwe au ifungwe mimi nabaki nashangaa. Ikifunguliwa nitatafuta nini? Na huyo mrithi atakayelipwa atajulikanaje ikiwa mpiga fidla hana jina? Wazee waliokuwepo studio wanaondoka kila mwaka. Angeanza mtu kukaa nao, awapigie kanda, awaulize huyu anayeitikia nani, huyu wa ganuni nani, aandike. Hiyo haihitaji kibali cha mtu.

Kizazi Kipya
Dada pole kwa mzee. Mimi niseme jambo. Mimi ni mtengeneza biti, na nimechoka kusikia kwamba sisi vijana hatuzijui zilipendwa. Tunazijua. Tunazitafuta usiku na mchana. Hazipatikani kwa ubora, tunachukua vionjo kutoka kanda ya mtu iliyorekodiwa redioni na mlio wa jogoo ndani yake. Mkizifungua, muziki utatangazwa na sisi kuliko hayo maonyesho yenu ya kukata utepe.

Sikinde Damu
Kumbe! Hilo ndilo lengo. Mwizi analalamika mlango ni mwembamba.

Kizazi Kipya
Mwizi tena? Wazee wenu walichukua rumba ya Cuba na Kongo wakaiweka Kiswahili, mkaita utamaduni wa taifa. Bendi inajiita Cuban Marimba iko Morogoro! Mimi nikichukua sekunde nne za gita nimekuwa kibaka.

Baba Watatu
Kijana angalia mdomo. Walisikiliza santuri, wakashika gita, wakajifunza miaka. Wewe unabonyeza.

Kizazi Kipya
Nabonyeza na watu wanacheza. Wewe unajua wazee wangapi wamekufa hawana hata senti ya zile nyimbo mnazozililia? Mliwalinda na nini? Na "heshima"?

Wakili wa Mtaani
Kibaka au si kibaka, kionjo kinahitaji ruhusa. Ruhusa unaomba kwa nani? Ndiyo tunarudi palepale kwa alichosema Binti Ngamiani, jina.

Mtoto wa Kariakoo
Mimi lililoniuma ni la Cuba. Rumba yenyewe ilitoka huku Afrika na watumwa. Kwa hiyo wazee walirudishiwa chao.

Kinyaunyau
Ilitoka pande za Kongo zaidi, mkuu, si Kariakoo.

Mtoto wa Kariakoo
Kongo ni wapi, Ulaya?

Fundi Mitambo
Nimesoma kurasa zote nacheka peke yangu. Nimefanya kazi na mashine za rili miaka mingi, nitasema la ufundi tu. Mnabishana mlango ufunguliwe au ufungwe kana kwamba vilivyo ndani vinawasubiri. Kanda ina ukanda wa plastiki, juu yake unga wa sumaku uliogandishwa kwa gundi. Kuna kanda gundi yake inavuta unyevunyevu wa hewa, ukiipiga inanata kwenye kichwa cha mashine na unga unabanduka. Umeisikia mara moja, umeiua. Hizo hupashwa joto la nyuzi 50 na kitu kwa saa kadhaa, zinatengamaa kwa muda, unazinakili haraka. Na kunakili hakuna njia ya mkato: kanda ya saa moja inataka saa moja ya mtu aliyekaa na masikio yake. Kwa kiwango cha biti 24 na kilohezi 96, saa moja ya sauti ya stirio ni kama gigabaiti 2. Diski si tatizo siku hizi. Tatizo ni mashine, vichwa vyake na watu wanaojua kuvirekebisha. UNESCO ilipiga kengele mwaka 2019 kwamba kanda za sumaku zisiponakiliwa kufikia 2025 hivi, nyingi ndiyo basi tena.

Halafu mtu anauliza baba ni nani.

Sikinde Damu
Fundi nakuheshimu, lakini swali la baba nililikuta, sikulileta.

Msemakweli Mpole
Kwa maelezo ya fundi basi ni kuchagua, si kila kitu. Tuanze na zenye maana. Za kupongeza wageni ziwe mwisho.

Baba Watatu
Na nani atachagua zenye maana, wewe uliyezima redio?

Kanda Robo Inchi
Kuchagua ndiyo kamati nyingine ile ile. Mimi nimelegeza msimamo kidogo: kusikiliza iwe bure, kupakua na kutumia kwenye biti iwe kwa malipo. Kizazi Kipya unaonaje?

Kizazi Kipya
Mpaka yule mzee anayeniita mwizi aniombe radhi.

Sikinde Damu
Utasubiri.

Binti Ngamiani
Mzee Fundi, naomba kuuliza nje ya mabishano. Babu aliacha rili moja nyumbani, iko kwenye boksi la karatasi, haijapigwa tangu mimi nizaliwe. Jana usiku baada ya kusoma uzi huu niliifungua. Inanuka kama achari.

Fundi Mitambo
Harufu ya siki?

Binti Ngamiani
Ndiyo, siki kabisa. Boksi lote.

Fundi Mitambo
Ielekeze rili kwenye taa, uitazame kwa ubavuni. Mwanga unapita?

Binti Ngamiani
Unapita. Inaonekana rangi kama ya chai.

Fundi Mitambo
Hiyo ni asetati, aina ya zamani, imeanza kujila yenyewe. Sikiliza mwanangu. Usiipige kwenye mashine ya mtu yeyote, hata akikwambia ni mtaalamu. Usiipashe joto, nililosema juu si la kanda hii, hii utaimaliza. Usiifungie kwenye nailoni, harufu ile ikikosa pa kutokea inaila zaidi. Itoe kwenye boksi hilo, iweke peke yake, mbali na kanda nyingine maana inaambukiza, mahali pakavu penye ubaridi. Boksi usitupe. Kama kuna mwandiko wowote juu yake upige picha leo.

Binti Ngamiani
Kuna mwandiko wa penseli. Majina saba.