10110110 ni ngapi? Darasa moja, majibu manne

Mwl_Mbale
Habari zenu walimu na mafundi. Swali la Senior 5, somo la ICT: geuza 10110110 ya binari (namba za 0 na 1 tu) iwe desimali (namba zetu za kawaida). Jibu ni 182, lakini kwenye madaftari kuna pia 109, 364 na 91, na kila moja limeandikwa na wanafunzi kadhaa. Makosa yanayofanana hivi lazima yana chanzo. Ni kipi, na nifundisheje yasirudi?

KompyutaGulu
Salama mwalimu. Majibu hayo yanajieleza yenyewe.

Aliyepata 109 amehesabu nafasi kutoka kushoto, jinsi anavyosoma. Nafasi ndogo kabisa iko kulia, palepale yanapokaa mamoja katika namba za kawaida.

364 ni 182 mara mbili. Huyu ameanzia kulia sawasawa, ila nafasi ya kwanza ameipa 2. Amechanganya nafasi ya kwanza na kipeo cha kwanza. Vipeo vinaanzia 0, na 2 kwa kipeo cha 0 ni 1.

91 ni nusu yake: amefuta sifuri ya mwisho akidhani haina kazi. Sifuri za kushoto zinafutika (00101 ni sawa na 101), lakini ya kulia haiguswi, maana ndiyo inayozisogeza tarakimu nyingine zote nafasi moja.

Waandike thamani kwanza, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha namba chini yake:

128 | 64 | 32 | 16 | 8 | 4 | 2 | 1
1 | 0 | 1 | 1 | 0 | 1 | 1 | 0

Wajumlishe zilizo juu ya 1 tu: 128 + 32 + 16 + 4 + 2 = 182. Mimi nisingepokea hesabu isiyo na mstari ule wa juu, hata jibu likiwa sahihi.

Fundi_Kasese
Nakubaliana, ila wafundishe pia kukagua jibu. Namba inaishia na 0, kwa hiyo ni shufwa: 109 na 91 ni witiri, zinaanguka hapohapo. Na biti nane (biti ni tarakimu moja ya binari, 0 au 1) haziwezi kupita 255, basi 364 nayo haiwezekani. (Ndiyo sababu hakuna kipande cha anwani ya IP ya kawaida, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao, kinachozidi 255, kila kimoja ni biti nane.)

Njia ya pili ya kuhakiki: anza kushoto, zidisha ulichonacho kwa 2, ongeza tarakimu inayofuata. Inakwenda 1, 2, 5, 11, 22, 45, 91, 182. Haina vipeo, na kwa namba ndefu mimi naiona nyepesi zaidi.

Mwl_Mbale
Asanteni sana ndugu zangu. Sasa kuna mmoja ameandika -74. Nimkatie alama?

KompyutaGulu
Kwanza angalia swali lilivyoandikwa. Kompyuta inapohifadhi namba zinazoweza kuwa hasi katika biti nane, kwa kawaida biti ya kushoto kabisa hubeba -128. Hapo inakuwa -128 + 32 + 16 + 4 + 2 = -74, na hesabu yake ni safi. Kama swali halikutaja namba hasi, jibu linabaki 182, lakini huyo kijana anajua kitu. Mwite aonyeshe hatua zake. Mtihani ujao andika wazi kwenye swali: "namba isiyo na alama ya hasi".