Mark X, Legacy B4, Atenza au Crown: gari la familia lenye mwendo, kwa sisi wa Mwanza

Mkwe_wa_Magu

Wakuu, salaam. Naomba tulipime hili kabla sijatoa pesa.

Nimeendesha IST miaka sita, na haijanidai zaidi ya oili na tairi. Ila watoto sasa ni watatu, magoti ya mkubwa yananichoma mgongoni, na mama mkwe akija kutoka Magu haji mikono mitupu: gunia la mchele, kuku wawili na ndoo ya kitu ambacho huwa siulizi. Halafu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, naenda Geita mara mbili kwa wiki. Zamani tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko. Siku hizi zile kilometa tatu zinaisha kabla sijamaliza kutafuna karanga, kisha nakutana na lori mbele. Kulipita lori na IST iliyojaa familia ni dua tupu.

Nataka gari la buti, lenye nafasi, lakini likikanyagwa liitike. Bajeti ni milioni 28, ikibana sana 30, na hapo liwe na bima na liko barabarani. Nimeyaweka mezani manne: Toyota Mark X GRX130, Subaru Legacy B4 ya 2012 kuendelea, Mazda Atenza 2.0 na Toyota Crown Athlete. La mkononi au la kuagiza Japani, yote sawa.

Kikwazo ni kimoja. Nakaa Buhongwa upande wa juu. Lami naiacha chini, halafu kama mita mia sita ni kilima chenye makorongo na mawe yaliyochomoza. Wa Mabatini na Isamilo mtanielewa bila picha.

Fundi_Nyakato

Mkuu, nakuambia ninachokiona gereji kila siku.

GRX130 ilianza 2009 na ikaishia Desemba 2019, Toyota walipofunga ukurasa wa Mark X. Kuna ya lita 2.5 yenye injini ya 4GR-FSE, nguvu za farasi 203, na 3.5 ya 2GR-FSE, farasi 318. Hiyo 3.5 waachie wasiouliza bei ya mafuta. 2.5 inakutosha kabisa kulipita lori ukiwa na mama mkwe na kuku wake.

Sasa sikiliza shida ya 4GR. Petroli yake inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali za kuingizia hewa. Kwa hiyo hakuna kinachoziosha zile vali, na masizi yanajenga taratibu mpaka hewa inapita kwa shida. Dalili yake ni kwamba asubuhi ukiliwasha likiwa limesimama linatetemeka, ukikanyaga linatulia. Wengi hapo wanauziwa plagi na koili, wanabadilisha, mtetemeko uko palepale. Dawa ni kufungua manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, na kusafisha vali kwa mkono. Kazi ya siku nzima, ila si kifo. Ile 3.5 ina nozeli za aina mbili, za ndani na za kwenye manifoldi, ndiyo maana haisumbuki hivyo.

Faida ya Mark X ni kwamba tumeishaijua. Igoma mpaka Pasiansi hukosi fundi aliyeifungua, na spea isipokuwepo mjini inapakiwa kwenye basi kutoka Dar, kesho yake unayo. Inatumia cheni ya timing, ile inayofanya vali na pistoni ziende pamoja, hakuna mkanda wa kubadilisha. Oili kila kilometa 5,000, usisubiri taa iwake.

Bwiru_Kona

Fundi umesema vizuri, lakini kilima cha mawe umekiruka kama hujakiona!

Mark X ya kawaida inasukumwa na tairi za nyuma. Kwenye kokoto za kupanda, gari likiwa tupu, tako linacheza na tairi zinachimba. Legacy B4 inavuta kwa tairi zote nne, na injini yake silinda zimelala ubavu, uzito uko chini, kwenye kona za Geita inakaa kama imebandikwa.

Ila usinunue Legacy kwa kuangalia mwaka tu, uliza injini. B4 za kizazi cha BM, zile za mwanzo, 2009 hadi 2012 hivi, zina injini ya EJ25 yenye mkanda wa timing. Mkanda huo hubadilishwa kila kilometa 100,000, na ukikatika vali zinapigana na pistoni. Kuanzia maboresho ya 2012 ile 2.5 ya kawaida ikapewa FB25 yenye cheni. Tafuta hiyo. GT ya turbo usiiguse, hasa kama muuzaji ni kijana aliyefunga ekzosi ya ukubwa wa ndoo.

Na maji ya rejeta! EJ25 niliyokuwa nayo zamani niliichemsha mwenyewe. Miezi minane nilikuwa naongeza maji ya bomba, nasema kulant, maji maalumu ya kupoza injini, nitanunua mwisho wa mwezi. Gasketi ya hedi ikaenda. Kosa langu, na bili niliilipa mimi.

Tochi_30

Hivi mnabishana mwendo wa nini? Kila kijiji kina kibao cha 50 na kila mti una mtu mwenye tochi. Farasi 203 za kulipia faini ya elfu thelathini 😂

Mkwe_wa_Magu

@Tochi_30 mimi nataka ule mwendo wa sekunde sita wa kulipita lori, si wa kukimbizana na polisi.

MamaMapacha

Kaka zangu mmejaza injini tupu, hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa siti ya nyuma katikati.

Mark X na Crown zinasukuma kwa nyuma, kwa hiyo kuna shafti inapita chini na sakafu ya nyuma imetuna katikati kama kichuguu. Legacy nayo ina kituta chake kwa sababu ya hizo tairi nne. Mtoto wa tatu anakaa miguu ameipanua huku na huku, na baada ya Sengerema ugomvi unaanza. Mimi nina Atenza ya 2.0, inavutwa na tairi za mbele, kituta ni kidogo, na kwa upana ni milimita 1,840 wakati Mark X ni 1,795. Hizo sentimita nne na nusu ni amani ya nyumba. Mjini napata kilometa 10 au 11 kwa lita, njia ndefu 15.

Nisiwafiche, ina yake. Ni ndefu, pua iko chini, kupaki Makoroboi ni mtihani. Taa ya mbele ikipasuka utajuta. Na 2.2 ya dizeli, ingawa ina nguvu tamu, ina chujio la masizi kwenye ekzosi ambalo linahitaji safari ndefu lijichome. Mtu wa Buhongwa–mjini kila siku litamzibia.

Jambo jingine hamkulisema: ukihama kutoka IST kwenda gari lenye buti lililofungwa, dagaa wa Mwaloni hawakai tena pamoja na watoto. Mimi hiyo tu ilinitosha.

Mzee_wa_Igogo

Vijana wangu, shikamooni za mapema nimezipokea. Mnalipita Crown kama halipo.

Athlete hilo la GRS200, 2.5, lina injini ileile ya Mark X, kwa hiyo aliyoyasema fundi kuhusu masizi yanalihusu. Lakini ukimya wake ndani ni wa gari la waziri. Nimekwenda nalo Musoma na kurudi siku moja, mgongo haukuuma, nami nina miaka sitini na mbili.

Ila wewe mwenye kilima nitakuwa mkweli. Kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,850, na Mark X ni hivyohivyo. Ukifika pale kilima kinapovunjika, tairi za mbele zimeshapita na za nyuma bado ziko chini, tumbo ndilo linabaki juu ya jiwe. Mimi nakaa Igogo karibu na lami, ndiyo maana naweza kujisifu.

Fundi_Nyakato

Mzee kamaliza. Na @Bwiru_Kona, usimdanganye mtu kuwa Legacy iko juu. Kutoka chini hadi tumboni B4 na Mark X hazipishani kitu cha maana. Inachokuwa nacho ni tairi nne, na ni fupi kidogo katikati, 2,750. Ukitaka Subaru ya juu kweli chukua Outback, ile ina milimita 200, lakini hapo tumeshatoka kwenye gari la buti.

Kuna wanaoinua Mark X kwa spesa za springi. Inawezekana, ila ukizidisha unaua raha yote uliyolipia, kona inaanza kuyumba kama mtumbwi.

Hesabu_za_Forodha

Kuhusu kuagiza au mkononi, acheni maneno tupige hesabu. Tuchukue gari la 2012, injini 2.5, lililofika Dar kwa thamani ya milioni 10 pamoja na meli na bima.

Ushuru wa forodha 25%, inakuwa 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2,000 ni 10% ya hiyo 12.5, yaani 1.25. Kwa sababu limepita miaka 10, ushuru wa uchakavu 30%, yaani 3.75. Tumefika 17.5. VAT 18% juu yake, 3.15. Jumla milioni 20.65, na bado tozo ya reli, ada za forodha, bandari, wakala, usajili na mafuta ya kulileta Mwanza, kilometa zaidi ya elfu moja na mia moja. Na TRA wanatumia thamani iliyo kwenye mfumo wao, hawaangalii ile uliyoandikiwa kwenye ankara.

Atenza ya cc 1,997 inaingia kwenye 5% badala ya 10%. Kwa mfano huohuo unaokoa kama laki saba na nusu. Gari la miaka 8 hadi 10 uchakavu ni 15%, lakini huko Japani lenyewe ni ghali zaidi. Kinachopungua huku kinaongezeka kule.

Ukiagiza, dai karatasi ya mnada. Gredi 4 ni gari safi, R ni lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kilometa zilizoandikwa pale linganisha na zitakazofika Dar, kuna mikono mingi njiani.

Tochi_30

Na jipya la kiwandani je? Mwenzenu anaota.

Hesabu_za_Forodha

Jipya halina ushuru wa uchakavu na lina waranti. Lakini kwa milioni 30 jipya la daraja hili halipo. Utashuka mpaka gari dogo la injini ndogo, ambalo ndilo mwenye uzi analikimbia.

Mkwe_wa_Magu

Wakuu, wabeja sana. Nimerudi na ripoti.

Jumamosi dalali mmoja alinionyesha Mark X ya 2011, nyeusi, namba D, milioni 24, maongezi yapo. Nimeiendesha mpaka Usagara. Nisidanganye, nilitabasamu peke yangu. Nikamwambia, haya, twende nyumbani kwangu. Tulipofika pale lami inapoishia akashusha kioo, akakitazama kilima, akaniambia, "Bosi, gari hili si la huku." Muuzaji mwenyewe! Hakutaka hata kujaribu.

Jumapili nikapata Legacy B4 ya 2013 kwa mtumishi anayehamia Dodoma, anataka 26. Tukapakia mke, watoto watatu na mifuko miwili ya saruji kwenye buti kuwa badala ya mama mkwe (asisome hapa). Kwenye korongo la pili iligusa chini mara moja, mke akashika dashibodi, lakini ilipanda bila kuchimba. Wa katikati kalalamikia kile kituta kama alivyosema MamaMapacha. Atenza nimezitafuta, za mkononi Mwanza nimeiona moja tu na mwenyewe hauzi.

Mke amesema rangi ya kijivu ni ya ofisini. Hilo naliacha.

Bwiru_Kona

😂😂 Nilisema mimi! 2013 ni FB25, cheni. Chukua.

Fundi_Nyakato

Usichukue kitu. Hiyo gia boksi yake ni CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, na nusu ya wamiliki wanaambiwa oili yake haibadilishwi maisha yote. Uliza imebadilishwa lini na iliwekwa ipi. Wakiweka oili ya gia ya kawaida, hiyo gia boksi haina siku nyingi. Nikiipanda nitasikia kama inaunguruma.

Mwambie asiiwashe asubuhi kabla sijafika. Nataka kuiwasha ikiwa baridi, nione moshi, nifungue kifuniko cha rejeta nikiwa na vidole salama, halafu niingie chini nione sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imegongwa mara ngapi. Wewe huku linganisha namba ya chasi na ya kwenye kadi, na uangalie deni la faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki. Msipoliangalia kabla ya kubadilisha jina, faini zake zote ni zako.

Mkwe_wa_Magu

Sawa mkuu. Nimeongea naye, ataiacha imezimwa. Kesho saa moja kamili nakupitia Nyakato na IST. Njoo na yale magodoro yako ya kulalia chini, uani kwake ni mawe matupu.

MamaMapacha

Na umwambie mtoto wa katikati akipita Sengerema bila kugombana, atanunuliwa soda Busisi.

Mzee_wa_Igogo

Busisi unaipita kabla ya Sengerema, mwanangu.

MamaMapacha

Wakati wa kurudi, mzee!