Tupeane uzoefu: uliomba msamaha, mtu bado amekununia?

Mtoto wa Kayole: Leo kwa matatu nimekutana na beste wangu wa zamani, akashuka steji moja kabla ya kwao ndio tusiongee. Nilimuomba pole 2019 kwa meseji, nikajua iliisha. Nyinyi mlifanyaje?

Mama Pili: Kwa meseji 😂

Konda Mstaafu: Umenikumbusha. Dadangu anauza mitumba Gikomba, alinipa pesa ya chama nipeleke, elfu 48, nikaipeleka kubeti ikaisha siku mbili. Yeye ndiye alisimama mbele ya wale wamama akaitwa mwizi. Mwaka uliofuata nikaokoka, nikatoa ushuhuda kanisani nikalia kabisa, watu makofi, kumbe dada amekaa nyuma. Akatoka. Nikamkimbilia hadi steji, akaniambia, "Umeambia Mungu na kanisa nzima, mimi umeniruka." Sijawahi kukosa maneno hivyo na nilikuwa konda. Sasa kila Ijumaa namtumia elfu moja kwa M-Pesa. Mbili za kwanza alinirudishia, na ya kutuma nimekatwa. Leo ni ya 31.

Salim wa Eastleigh: Hapo dada ana haki. Toba ni uache, ujute, uazimie kutorudia. Ikiwa ni haki ya mtu kuna la nne, umrudishie mwenyewe.

Nimeoshwa: Salim usituletee masharti, damu ya Yesu inatosha.

Mama Pili: Inatosha wewe, chama je? Soma Luka 19, Zakayo alisema atarudisha mara nne. Konda, hiyo ni 192,000.

Konda Mstaafu: Mama mnataka niuze figo

Kimya Kimya: Mimi ndiye nilikosewa kwetu. Akija na pole nasikia tu vile anataka alale vizuri.

Fundi Otis: Mpelekee nyama kilo mbili na unga, ataongea

Salim wa Eastleigh: Nyama si deni. Na aende kwa wale wamama wa chama aseme ni yeye alikula.

Konda Mstaafu: Hiyo ya wamama sijafanya. Naogopa, wacha niseme ukweli. Lakini Ijumaa iliyopita alijibu mara ya kwanza. "Imefika."

Fundi Otis: Amekusamehe!!

Kimya Kimya: Hiyo ni risiti

Konda Mstaafu: Hata kama. Nimeiskrinshoti.

Mtoto wa Kayole: Na mimi na beste wangu jameni?

Mama Pili: Anashukia wapi?