Amplifaya ya sebuleni hapa Mtwara: mpya ya wati chache, mtumba wa Japani, au kile kiboksi kidogo?

Mwana_Chikongola
Wadau, habari za jioni. Hela ya korosho imeingia na safari hii sitaki iishie kwenye sabufa nyingine. Nataka amplifaya ya kweli, ya kukaa nayo miaka. Bajeti ni milioni moja na laki mbili.

Spika ninazo: mbili za rafu, omu 6, nyuma zimeandikwa desibeli 86 (kipimo cha ukubwa wa sauti). Sebule ni mita 4 kwa 5. Marehemu baba aliacha sahani za santuri kama thelathini, dansi na taarab, na mashine yake bado inazunguka. Hizo ndizo nataka kuzisikia vizuri kuliko kitu chochote. TV ije baadaye.

Nimebaki na hizi: Yamaha A-S301 mpya (wati 60 kila upande), Denon PMA-600NE mpya (wati 45), mtumba wa Japani wa miaka ya 80 ambao jamaa ananiuzia laki nne, na vile viboksi vidogo vilivyoandikwa wati 300. Kwa hesabu yangu kiboksi kinashinda wote. Nakosea wapi?

Fundi_Ligula
Mkuu, anza na huo mtumba kabla hujatoa hela. Geuza nyuma usome. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni volti 100, na ukutani kwetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja umeipa zaidi ya mara mbili ya inachostahimili. Bahati yako ikiwa nzuri inakufa fyuzi peke yake. Mwezi huu nimefungua mbili za namna hiyo, na moja transfoma yake imeungua hadi karatasi ya ndani imekuwa mkaa. Mwenyewe aliambiwa dukani "chomeka tu kaka, haina shida". Inauma, kwa sababu ilikuwa mashine nzuri mno.

Siyo kwamba mtumba haufai. Nunua na transfoma ya kushusha umeme, na uwezo wake uzidi kile kilichoandikwa nyuma ya amplifaya. Angalia pia iwe imeandikwa Hz 50/60, yaani umeme unavyopiga mara ngapi kwa sekunde. Japani yenyewe imegawanyika: Tokyo wanatumia Hz 50, Osaka Hz 60. Transfoma ya Hz 60 peke yake ikikaa kwenye 50 yetu inapata moto na kuunguruma.

Mwana_Chikongola
Nimempigia, amesoma: volti 100. Na transfoma hana.

Fundi_Ligula
Basi kwa laki nne muache nayo. Ongeza bei ya transfoma, ongeza kapasita (vihifadhi umeme vya ndani) za miaka 40 ambazo lazima nizibadilishe, utakuta umeshaikaribia mpya.

SautiYaTandahimba
Mimi natumia kiboksi, kwa hiyo nakisemea. Wati 300 ni maneno ya kwenye boksi. Soma adapta yake: volti mara ampea. Ikiwa ni volti 32 na ampea 5 umepata wati 160 kwa spika zote mbili, na hapo hujatoa kinachopotea njiani. Haiwezi kutoa zaidi ya inachokula.

Lakini msikidharau. Ni daraja D, yaani aina isiyopoteza umeme mwingi, kinakula kidogo, hakipati joto. Changu ni cha volti 24, na umeme ukikatika nakihamishia kwenye betri mbili za sola, muziki unaendelea. Huku shamba hilo ni jambo kubwa. Kwako tatizo ni santuri: vingi havina tundu lake, itabidi ununue kikuza sauti cha pembeni. Ishara ya sindano ni ndogo sana, na besi yake hupunguzwa makusudi wakati wa kukata sahani, lazima kuwe na kifaa cha kuirudisha.

Bi_Mikindani
Mwanangu, kwanza pole kwa baba, na hongera kwa kutunza sahani zake. Nyumbani nina Marantz PM6007, wati 45, nayo ina tundu la santuri. Nimeisikiliza taarab humo mpaka udi unausikia unavyokwaruzwa. Bei yake iko juu ya hizo mbili zako na haina bluetuthi, wajukuu wananung'unika kila wakija. Nakwambia tu kwamba wati 45 zinanitosha, na sijawahi kuvuka nusu ya kitufe.

Mzee_wa_Lindi
Bi Mikindani kasema kweli. Mwaka 1978 ilitoka NAD 3020, imeandikwa wati 20 tu, na mpaka leo watu wanaitafuta. Vijana wananunua namba.

Mwana_Chikongola
Shikamoo mzee. Ila 60 si inazidi 45 kwa theluthi nzima? Lazima nitaisikia.

Mzee_wa_Lindi
Marahaba. Hutaisikia. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka 45 kwenda 60 ni desibeli moja na kidogo. Spika zako zinatoa desibeli 86 kwa wati moja ukiwa mita moja. Ndani ya hiyo sebule, jioni, unasikiliza kwa wati mbili tatu. Zilizobaki ni akiba ya pale ngoma inapopigwa ghafla.

Kinachonifanya nipende hiyo Yamaha ni kitufe cha laudinesi kinachozungushwa taratibu. Usiku watoto wamelala, unapunguza sauti na besi haipotei. Denon nayo ina bluetuthi ndani, Yamaha haina. Zote mbili zina tundu la santuri na la optiko (waya unaopitisha sauti kwa mwanga) kwa TV. Hapo chagua unachokitumia.

Fundi_Ligula
Nikazie jambo ambalo dukani hawakwambii: unakaa karibu na bahari. Chumvi inakula pini na vitufe, baada ya mwaka unasikia mkwaruzo ukizungusha sauti. Weka mbali na dirisha la upande wa upepo, na usiifunike kitambaa, inahitaji kupumua. Matundu ya juu mjusi anaingia akifuata joto, akigusa penye umeme anakufa na mashine anaondoka nayo. Nimewatoa wengi. Iweke juu ya rafu, mbali na ukuta.

Na kabla ya yote, pima umeme wa kwako. Njoo uchukue mita yangu.

Mwana_Chikongola
Nimepima siku tatu. Saa moja jioni, majirani wote wakiwa wamewasha, nimekuta volti 204. Usiku wa manane 241.

Fundi_Ligula
Stabilaiza, mkuu. Iingie kwenye bajeti kabla ya amplifaya. Usichukue ile ndogo ya friji iliyochoka, chukua mpya.

SautiYaTandahimba
Na ukishatoa bei ya stabilaiza, Denon au Yamaha?

Mwana_Chikongola
Yamaha. Bluetuthi siihitaji, simu nitaiunga kwa waya. Jana nimebeba spika na mashine ya baba hadi kwa mtu mmoja Shangani mwenye A-S301, tukaweka sahani ya kwanza. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Tarumbeta zilipoingia akataja jina la ukumbi waliokuwa wakienda kucheza na baba, kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo.

Naagiza kesho. Mrejesho nitaleta.